Katuni Huleta Neno, Mama Hulikuza

Jioni moja mwanangu wa mwisho, akiwa na miaka minne, alisimama mlangoni mwa jiko letu hapa Jang'ombe, akainyooshea kidole ndoo ya maji. "Mama, blue!" akasema. Nilifurahi. Skuli alikuwa hajaanza, na nyumbani tunazungumza Kiswahili. Neno lile alilitoa kwenye katuni.

Siku ya pili nilimwonyesha kanga ya rangi ile ile. Akanyamaza. Kumbe kwake "blue" lilikuwa jina la ndoo!

Mpenzi msomaji, hapo ndipo nilipoelewa kwamba katuni huleta neno mpaka mlangoni. Kulikaribisha ndani ni kazi yetu wazazi.

Kwa nini tujali?

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sekondari, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Mtoto asiyejua maneno ya kila siku huikuta lugha na somo kwa pamoja, mizigo miwili kichwani.

Bahati nzuri tunazo katuni za kwetu. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kwa hesabu na sayansi. Mwaka 2016 likaleta Akili and Me kwa watoto wadogo. Akili ni msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia nchi ya ndoto, akajifunza herufi, namba na rangi pamoja na marafiki zake wanyama. Vipindi vipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Runinga haitoshi

Mwaka 2003 watafiti wa Seattle, Marekani, walieleza jinsi watoto wa miezi tisa walivyosikilizishwa Kichina. Waliochezeshwa na mtu aliye mbele yao walitambua sauti za lugha ile. Waliotazama mtu huyo huyo kwenye runinga hawakuambulia kitu. Mtoto mdogo hujifunza kwa uso wa mtu, macho na majibu.

Nami kama muuguzi nakumbusha: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya runinga. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Tufanyeje?

Chagua kipindi kifupi, mkae pamoja. Kikirudiwa kesho usichoke. Mtoto hupenda marudio, na humsaidia. Kisha zima, mchukue maneno mawili au matatu tu. Kama ni "cup", mwonyeshe kikombe cha bati, cha udongo na cha plastiki, ajue ni neno la vikombe vyote. Kama ni "red", tafuteni nyanya, kanga na kifuniko cha chupa. Mtajie na jina la Kiswahili, asije akapata lugha moja akapoteza nyingine. Akikosea usimcheke, litamke neno vizuri, mwendelee na mchezo.

Jirani yangu mmoja aliniambia, "Sista, mimi skuli niliacha mapema. Kizungu nitakitoa wapi?" Nikamwambia, "Shoga yangu, kaa na mwanao, uwe mwanafunzi kama yeye." Alikubali kwa haya. Baada ya miezi michache mdogo wake wa chekechea alikuwa akimsahihisha, nao wakicheka.

Lililonigusa zaidi ni la yule mkubwa wa darasa la tano. Zamani akileta daftari la sayansi, mama humsukumia kwa majirani. Siku hizi hulifungua mwenyewe. Wakikutana na neno wasilolijua, hulipigia mstari ili mtoto akamuulize mwalimu. Mama yule bado hajui Kiingereza kingi, lakini daftari la mwanawe halimtishi tena.