Ted Hawkins, mwimbaji wa ufukweni

Ted Hawkins alizaliwa Biloxi, jimbo la Mississippi nchini Marekani, mwaka 1936, katika ufukara na bila malezi ya kueleweka. Alipofika miaka 12 alikuwa shule ya maadilisho. Ujana ulimkuta gereza la Parchman kwa kosa la wizi. Akiwa bado kijana alimsikia mwanamuziki Sam Cooke akiimba, akaazimia kuwa mwimbaji.

Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Los Angeles. Mwaka 1971 mtayarishaji Bruce Bromberg alimrekodi nyimbo kadhaa, lakini zilikaa kabatini zaidi ya miaka 10. Kampuni ya Rounder ilipozitoa mwaka 1982 katika albamu Watch Your Step, wahakiki walizisifu sana. Wanunuzi hawakujitokeza.

Riziki yake ilitoka ufukwe wa Venice. Huko aliketi juu ya kreti la maziwa, akiwaimbia wapita njia kwa chochote walichomtupia. Nyuzi za gitaa alizifunga kwa namna ambayo, zikipigwa zote bila kubonyezwa, zilielewana zenyewe. Na kwa kuwa alizibana kwa nguvu, mkono wa kushoto aliuvalisha glavu ya ngozi. Aliimba soul, country na nyimbo za dini bila kuona mpaka kati ya aina hizo. Sauti ilikuwa na mkwaruzo, lakini kila neno lilisikika, na hata wimbo wa mtu mwingine ukipita kinywani mwake uligeuka kuwa habari ya maisha yake.

Sifa ilianzia ugenini. Mtangazaji Andy Kershaw wa BBC alimpigania nchini Uingereza, na Hawkins akaishi huko miaka kadhaa akijaza kumbi, ilhali kwao alikuwa bado ombaomba mwenye gitaa. Aliporudi California, alirudia kreti lake.

Hatimaye kampuni kubwa ya Geffen ikamchukua, na mwaka 1994 ikatoa albamu The Next Hundred Years. Ndipo Marekani ikamsikia, naye akaanza ziara za maonyesho. Alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 1 Januari 1995, akiwa na miaka 58.

Albamu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtangaza, na ni nzuri kweli. Hata hivyo, nyimbo za Watch Your Step alizoimba peke yake na gitaa ndizo zinazomwonyesha mtu mwenyewe, bila bendi ya kumfunika.