Sigara ya Umeme: Moshi Umeondoka, Pingu Imebaki

Katika vilima vya Itaba, kusini-mashariki ya mji wa Gitega, tumbaku si kitu kigeni. Warundi huiita itabi, na neno hilo hukaribiana masikioni na jina la mahali penyewe hata mgeni asiyejua Kirundi akadhani kuwa ni jambo moja. Wapo wazee wanaoivuta kwa kiko. Wapo bibi wanaoinusa puani ikiwa imesagwa au imelowekwa majini. Wapo na vijana ambao kwao tumbaku ni sigara inayouzwa mojamoja kibandani.

Ni huko tulikomkuta askari mmoja aliyekuwa likizoni, mtu wa makamo aliyekwisha litumikia jeshi miaka mingi, na ambaye alikuwa miongoni mwa askari wa Burundi waliopelekwa Somalia kulinda amani, kazi iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2007. Tulikuwa tumeketi uani kwa mzee mwenyeji wetu. Askari akatoa mfukoni kifaa chenye umbo la kalamu nene, akakiweka mdomoni, akakivuta, akatoa wingu jeupe lenye harufu ya embe. Mzee, ambaye kiko chake kilikuwa mkononi, alimtazama kwa kitambo, kisha akauliza:

"Mwanangu, huo ni moshi gani usiokuwa na moto?"

"Siyo moshi, mzee. Ni mvuke tu. Mimi sigara nimeiacha."

"Kama umeiacha, mbona mkono wako hautulii?"

Askari alicheka, nasi tukacheka. Lakini swali la mzee lilitufuata mpaka mjini, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya kwa ajili ya ndugu zetu walio jeshini na katika polisi, maana sigara hii ya umeme, ambayo vijana wa mijini huiita veipu, imekwisha ingia katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na inaingia kwa sifa ya kuwa ni dawa ya kuachia sigara. Je, sifa hiyo ni ya kweli?

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kwamba askari na sigara wamefunga urafiki wa muda mrefu, na urafiki huo haukuanzishwa na askari peke yao. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sigara zilitiwa ndani ya posho ya askari wa Marekani pamoja na biskuti na nyama ya kopo, wala hazikuondolewa katika posho hiyo hadi mwaka 1975. Serikali ziliamini kwamba sigara humtuliza askari, humfukuzia usingizi na kumpunguzia njaa. Imani hiyo imebaki kambini hata baada ya serikali zenyewe kuitupa. Askari mpya hufika akiwa havuti. Baada ya miezi michache ya lindo la usiku na baridi ya alfajiri, utamwona na sigara kati ya vidole, aliyopewa na rafiki yake kwa moyo mwema kabisa.

Sigara ya umeme ya namna tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa Kichina aitwaye Hon Lik. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake, aliyekuwa mvutaji pia, alifariki kwa saratani ya mapafu. Ndani ya kifaa mna betri, waya mwembamba unaopata moto, na kimiminika chenye nikotini, vionjo vya kunukia, na vitu viwili viitwavyo propilini glikoli na gliserini. Mtu akivuta, waya hukipasha moto kimiminika, nacho hugeuka mvuke. Hakuna jani linaloungua.

Na hapa ndipo penye ukweli ambao hatutaki kuuficha, ingawa tunatambua kuwa wapo watakaopenda tuufiche. Sigara ya kawaida inapovutwa, kaa lake hufikia joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi. Katika kuungua huko huzaliwa kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 miongoni mwake zinajulikana kuwa husababisha saratani. Huzaliwa pia lami inayoganda mapafuni, na ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na ushei. Askari anayevuta sigara hupanda kilima hali sehemu ya damu yake imebeba sumu badala ya pumzi. Katika mvuke wa sigara ya umeme, lami hiyo na hewa hiyo ama hazimo, ama zimo kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo askari wetu wa Itaba hakusema uongo aliposema kuwa ule haukuwa moshi. Mvutaji aliyeacha kabisa sigara ya moto na kubaki na ile ya umeme peke yake amepunguza madhara anayouletea mwili wake.

Lakini kupunguza madhara si kuwa huru. Nikotini imo mlemle.

Nikotini ni sumu ambayo mmea wa tumbaku huitengeneza ili kujikinga na wadudu, na zamani wakulima waliitumia kama dawa ya kunyunyizia mimea. Ikivutwa mapafuni, hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, na huko hugusa sehemu zinazompa mtu hisia ya raha. Kisha huanza kupungua: baada ya saa mbili hivi, nusu yake imekwisha toka katika damu. Ubongo uliokwisha izoea huanza kudai. Mtu huona wasiwasi, hasira za karibu, mawazo yasiyotulia. Akivuta tena, wasiwasi hutoweka, naye husema, "Sigara imenituliza." Kumbe sigara imeondoa fadhaa ambayo yenyewe iliileta!

Tuyapime hayo kwa zamu ya lindo. Askari polisi aliyewekwa kizuizini barabarani kwa saa nne, naye amefungwa na nikotini, hutumia sehemu kubwa ya zamu yake akipigana vita viwili: kimoja cha kuangalia njia, na kingine cha kuangalia mfuko wake. Saa ya pili inapopita, macho yapo kwenye gari, fikira zipo kwenye kifaa. Kiongozi wake hawezi kuuona udhaifu huo katika gwaride, kwa kuwa hauna dalili ya nje. Sisi tunauona kuwa mkubwa kuliko hata suala la harufu na kikohozi, kwani silaha iliyo mkononi mwa mtu mwenye hasira za karibu si jambo la kupuuzwa.

Aidha, nikotini huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na kuibana mishipa, jambo ambalo hucheleweshea jeraha kupona. Kwa mtoto aliye tumboni ni hatari. Kwa vijana ambao ubongo wao ungali unakua, na ukuaji huo huendelea hadi umri wa miaka 25 hivi, hudhuru usikivu na kumbukumbu. Na kuruta wengi wamo katika umri huo. Kile kimiminika nacho, chenye rangi nzuri na harufu ya matunda, kikinywewa na mtoto mdogo chaweza kumwua. Wale wanaoishi na familia zao katika nyumba za kambi na walitafakari hilo wanapokiacha kichupa juu ya meza. Ni haki pia kusema kwamba nikotini siyo chanzo kikuu cha saratani ya wavutaji. Saratani huletwa hasa na moshi. Kazi ya nikotini ni kumrudisha mtu kwenye moshi huo kila siku, kwa miaka 30 au 40.

Majeshi mengine yamekwisha pata mafunzo yao, tena kwa gharama. Jeshi la Wanamaji la Marekani, baada ya betri za sigara za umeme kulipuka au kuwaka mara kadhaa, lilizipiga marufuku melini na katika ndege zake mwezi Mei 2017. Mwanzoni mwa mwaka 2018, wakuu wa afya wa jeshi la nchi kavu la Marekani walitoa tahadhari baada ya askari wapatao 60 katika jimbo la North Carolina kupelekwa hospitalini kwa kuvuta mafuta yaliyotiwa dawa za kulevya zilizotengenezwa kiwandani. Kisha ukaja ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2019. Hadi Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki nchini Marekani, na waliofariki walikuwa 68. Uchunguzi ulionyesha kuwa mkosaji mkubwa alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vimiminika vya bangi, hasa vile vilivyonunuliwa mitaani, wala si nikotini ya kawaida. Hata hivyo, mtu anayevuta kitu ambacho hajui kimechanganywa na nani anafanya kamari kwa mapafu yake.

Katika suala la sheria, mataifa yamegawanyika. Uingereza imechagua njia ya kuitumia sigara ya umeme kama daraja: mwaka 2015 wakala wa serikali wa afya ya umma nchini humo ulikadiria kuwa madhara yake yako chini ya yale ya sigara kwa asilimia 95 hivi, kadirio ambalo wataalamu wengine walilipinga vikali, na mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwagawia wavutaji milioni moja vifaa hivyo pamoja na ushauri wa kuacha. Serikali hiyohiyo, ilipoona watoto wa shule wanavinunua, ilipiga marufuku vile vya kutumia na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025. Jirani zetu wa Uganda walifuata njia nyingine. Sheria yao ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 ilikataza kabisa sigara za umeme, na shisha nayo ikakatazwa humo humo. Shirika la Afya Duniani, kwa tamko lake la Desemba 2023, lilizitaka serikali kuchukua hatua za haraka ili kuwalinda watoto na wasiovuta. Burundi, kwa upande wake, iliridhia mwaka 2005 Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku.

Kwa maoni yetu, Mwingereza ana hoja, ila hoja yake inasimama juu ya mambo ambayo yeye anayo: kiwango cha nikotini kilichowekwa na sheria, duka linalokaguliwa, na muuguzi anayemfuatilia mvutaji mpaka siku ya kuacha. Kifaa cha askari wetu wa Itaba kilinunuliwa kando ya barabara, safarini, na maandishi yake yalikuwa katika lugha mbili ambazo yeye hazisomi. Daraja analolisifu Mwingereza lina ng'ambo; la askari wetu halikuwa na ng'ambo.

Zipo dawa zilizothibitishwa. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeiweka nikotini ya kubandika ngozini na ya kutafuna katika orodha ya dawa muhimu. Hiyo humpa mtu nikotini polepole, bila moshi wala mvuke, kwa kipimo kinachopunguzwa wiki hadi wiki mpaka kinakwisha. Askari anayetaka kuacha na amwone mganga wa kambi, amwambie anavuta sigara ngapi na ya kwanza huivuta saa ngapi baada ya kuamka. Siku tatu za mwanzo ndizo kali. Baada ya wiki mbili hadi nne, dhiki nyingi huwa zimepita. Ni vyema kumwarifu na kamanda wa kikosi, ili zamu ndefu za usiku zisimwangukie katika siku hizo tatu. Na asiseme kuwa amechelewa: madaktari wa Kiingereza waliofuatiliwa kwa nusu karne, kuanzia mwaka 1951, walionyesha kwamba mvutaji hupoteza kwa wastani miaka 10 ya uhai, lakini anayeacha akiwa na miaka 40 huirudisha 9 kati ya hiyo, na anayeacha akiwa na miaka 50 huirudisha 6.

Turudi Itaba. Jioni ile, jua lilipokuwa linazama, kile kifaa kilizimika. Betri ilikuwa imekwisha, na nyumba ya mzee haina umeme. Askari alikitikisa, akakipuliza, akakirudisha mfukoni. Alikaa kimya kwa muda wa kama robo saa, akijibu maneno yetu kwa neno mojamoja. Kisha akamwita mjukuu wa mzee, akampa noti, akamtuma kibandani akalete sigara mbili na kiberiti.

Alipokwisha iwasha ya kwanza, alituuliza kwa sauti ya chini iwapo ile nikotini ya kubandika hupatikana katika hospitali ya Gitega, na kama mganga atamwandikia hata akiwa likizoni. Tulimwambia aende kesho yake asubuhi, tena aende na kile kifaa, akamwonyeshe mganga. Sigara ya pili aliiweka nyuma ya sikio.