Kushona Picha: Mandhari Pana na Mshono Wake

Asimamaye mwisho wa gati ya Lamu akauelekea mji, hatosheki na mtazamo mmoja. Hugeuza shingo kutoka upande huu hadi upande ule, na moyoni mwake mji ukawa kitu kimoja. Kamera haina shingo hiyo. Hukata kipande ikaacha vingine. Ndipo wapigaji picha walipobuni ufundi wa kupiga vipande kadhaa na kuviunga vikawa picha moja ndefu. Wenyewe huuita kushona, na kina mama waliozoea cherehani hawatahitaji kufasiriwa.

Ufundi huu haukuzaliwa na simu. Mmisri Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi na mpima ardhi, alipiga mwaka 1861 picha za kwanza zijulikanazo za Madina. Mwaka 1880 alifuatana na msafara wa mahmal, akapiga za Makka. Miongoni mwa kazi zake zimo picha zilizoungwa ubavu kwa ubavu hata mji na vilima vyake vikaonekana pamoja. Mwaka 1881 alitunukiwa nishani ya dhahabu mjini Venice. Tukumbuke kwamba zama hizo picha zilipigwa juu ya vioo vizito vilivyopakwa dawa, na mikato ililinganishwa kwa macho na mikono.

Leo kazi hiyo hufanywa na programu. Mwaka 2003 Matthew Brown na David Lowe, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walieleza namna kompyuta inavyoweza kutafuta alama zinazojirudia katika picha mbili, kama pembe ya dirisha au ncha ya mnara, na kwa alama hizo ikatambua ipi ikae kando ya ipi. Ipo programu ya bure iitwayo Hugin, na simu nyingi huifanya kazi hii zenyewe.

Hata hivyo, programu haimwokoi mpigaji asiye na subira. Kila picha ipandane na jirani yake kwa kiasi cha thuluthi moja, kama vitambaa viwili vinavyolaliana kabla ya sindano kupita. Mwanga wa kamera usibadilishwe katikati, ama sivyo mbingu itatoka na mabaka. Na hapa ndipo penye siri: kinachopaswa kukaa mahali pamoja ni lenzi, si mtu. Sisi tulijaribu gatini kwa njia mbili makusudi, pamoja na vijana. Simu iliyonyooshwa kwa mkono, mwili ukizunguka, iliivunja vipande viwili nguzo iliyokuwa karibu. Simu iliyozungushwa papo hapo juu ya stendi ya miguu mitatu iliitoa nzima. Nyumba za mbali zilitoka salama kote kuwili. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kitahama, mnara wa mbali usihame. Lenzi nayo ikihama, huona vivyo hivyo.

Kitembeacho ni mtihani mwingine. Punda anayepita kati ya mkato na mkato aweza kutoka na miguu sita, au akatoweka kabisa, na mshono usionekane. Kwa punda tutacheka. Lakini katika picha ya harusi, aliyetoweka aweza kuwa bibi wa watoto, na baada ya miaka thelathini nani atashuhudia kwamba alikuwapo?

Jambo hili ni zito zaidi palipo na mzozo wa mpaka. Katika picha pana ya aina hii, ukuta ulionyooka mara nyingi hutoka umepinda kama upinde, kwa kuwa duara la mtazamo limetandazwa juu ya bapa. Anayepiga picha ya kiwanja cha urithi au nyumba ya wakfu asiifute mikato ya asili kwa kuwa ile ndefu inapendeza. Mikato ndiyo mashahidi. Picha ndefu ni masimulizi yao.

Limebaki la majirani. Picha ya kawaida huona ulichokielekeza. Hii ya kuzunguka huona kila kitu: ua wa jirani, kamba ya nguo, na wanawake waliovua buibui darini kwao. Atakaye kupiga kutoka darini kwake atume mtoto akabishe hodi nyumba zote zinazozunguka, na asubiri mpaka mtoto arudi.