Mnara wa Simu Chato: Mita Ngapi Kutoka Nyumbani, na Kwa Sababu Gani

Kampuni ya simu ikitafuta eneo la mnara kijijini, mambo mawili hutangulia kufika mkutanoni kabla hata mwenyekiti hajafungua kikao: kodi atakayolipwa mwenye shamba, na hofu ya mionzi. Jirani wa mwenye shamba, ambaye kodi haimhusu, ndiye huuliza swali gumu zaidi. Mnara utakaa mita ngapi kutoka kwangu?

Ni swali la haki, na litazidi kuulizwa. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Wilaya kama Chato, mkoani Geita, yenye mialo ya wavuvi kandokando ya Ziwa Victoria na vijiji vilivyotawanyika kuelekea Bwanga na Buseresere, haiwezi kuhudumiwa na minara ya mjini peke yake. Ila jibu la swali hilo halina uhusiano mkubwa na mionzi, ingawa wengi hudhani ndiyo hoja kuu.

Tuanze na karatasi. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hutoa leseni na masafa. Baraza la Mazingira (NEMC) hushughulikia athari kwa mazingira, kelele zikiwemo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) huangalia urefu, na kwa Chato, yenye uwanja wake wa ndege, hilo si jambo la kupita juu juu: rangi nyekundu na nyeupe na taa inayowaka usiku ni kwa ajili ya rubani. Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC) hupima mionzi. Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri. Mjini, afisa mipango miji huangalia kwanza kiwanja kimepangiwa matumizi gani, makazi, biashara au huduma, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mnara ukiingia mahali palipopangwa makazi, suala la kubadili matumizi ya ardhi huibuka. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huipa serikali ya kijiji na mkutano mkuu sauti yao.

Kisha uliza ni mnara wa aina gani, kwa sababu neno hilo moja la jumla huficha vitu tofauti sana. Upo wa miguu mitatu au minne, uliosukwa kwa vyuma, unaojisimamia wenyewe. Upo wa nguzo moja, unaokula nafasi ndogo na hupendwa mijini. Upo mwembamba unaoshikiliwa na nyaya zilizofungwa ardhini, nao huhitaji eneo pana kuliko unavyoonekana. Zipo pia antena za juu ya paa, zisizo na mnara kabisa. Na kampuni ya pili ikija, inaweza kuchangia mnara uliopo badala ya kuchimba msingi mwingine hatua chache pembeni. Hilo wanakijiji wana kila sababu ya kulidai mapema.

Sasa mionzi. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na hivyo kuharibu chembechembe za uhai. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Katika masafa ya megahezi 900, nishati ya kila chembe ya mawimbi ni pungufu zaidi ya mara milioni moja kuliko inayohitajika kung'oa elektroni. Madhara yake yaliyothibitika ni kupasha mwili joto, tena mawimbi yakiwa makali mno, na vikomo vya kimataifa vimewekwa chini sana ya kiwango hicho. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa raia katika masafa hayo ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba.

Piga hesabu. Antena inayotupa mawimbi upande wake kwa nguvu inayolingana na wati 1,000 hufikisha takriban wati 0.008 kwa mita ya mraba ukiwa mita 100 mbele yake, katikati ya mwale wenyewe. Hiyo ni zaidi ya mara 500 chini ya kikomo. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Tena antena hazimwagi mawimbi chini miguuni pake. Huyatupa mbele, kama kurunzi inayomulika njia na kuacha vidole vya aliyeishika gizani.

Simu iliyo sikioni ndiyo inayokufikishia mawimbi mengi zaidi. Nayo hujirekebisha: mnara ukiwa karibu hunong'ona, ukiwa mbali hupaza sauti na kumaliza chaji. Kijiji kinachousukuma mnara ng'ambo ya mlima kwa kuogopa mionzi huenda kikaongeza ile inayogusa vichwa vya watu wake.

Kweli, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani. Kundi hilo lina pia dondoo la majani ya mshubiri. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo.

Basi mita hizo ni za nini? Kwanza, chuma kinaweza kuanguka, au fundi aliye juu akaponyokwa na kifaa. Ndiyo maana urefu wa mnara huongoza umbali wake na nyumba. Pili, jenereta. Mnara usio na umeme wa TANESCO wala sola huunguruma usiku kucha, na moshi wa dizeli ukiingia dirishani ni madhara ya afya yasiyobishaniwa. Hili, kwa maoni yangu, ndilo lingestahili nusu ya muda wa kikao. Tatu, radi. Mkoa wa Geita unaijua: Januari 2025 iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, Bukombe. Mnara hauiti mvua wala radi kijijini, lakini kwa kuwa ni mrefu hupigwa, na waya wake wa kuushusha umeme ardhini lazima uwe mzima. Wezi wa shaba wakiukata, uzio unaogusana na mnara si mahali pa kuegemea wala pa kufungia mbuzi.

Antena za paa ni habari nyingine. Mita chache mbele ya antena inayofanya kazi, kikomo kinaweza kuvukwa, kwa hiyo fundi wa bati au wa tangi la maji hapaswi kupanda kabla haijazimwa. Mwenye nyumba anayepangisha paa adai jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, pamoja na namba ya kupiga.

Na anayebaki na shaka juu ya mionzi aombe mtendaji aiandikie TAEC. Vipimo vyao husomwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo zinaweza kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.