Sabuni ya Nyumbani

Huko Temeke na Kinondoni wako akina mama wapatao riziki kwa kutengeneza sabuni nyumbani. Kazi yenyewe ni hii. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi, pima gramu 175 za soda kostiki na gramu 350 za maji. Vaa mipira ya mikono na miwani. Tia soda katika maji. Kamwe usimwage maji juu ya soda, kwani huchemka na kuruka machoni. Usitumie sufuria ya alumini, soda huila. Maji ya soda yakipoa, yamimine katika mafuta, ukoroge mpaka yawe mazito kama uji. Sabuni ikigandamana, kata vipande, uvianike kivulini majuma 4. Auzaye mapema huuza sabuni iyeyukayo upesi, na mnunuzi harudi tena.