Kriketi: Timu ya taifa humchaguaje mzungushaji wa kuangusha wiketi?

MKAZI wa Izigo, wilayani Muleba mkoani Kagera, akitaka kutazama mechi ya kriketi ya kimataifa, atafika Kampala mapema zaidi kuliko Dar es Salaam. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni mwendo wa kilometa zipatazo 80, na baada ya hapo njia inaelekea moja kwa moja upande wa Lugogo, makao ya kriketi ya Uganda. Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,300 kwa barabara.

Ukaribu huo si wa ramani pekee. Somo kubwa la miaka ya karibuni kuhusu uteuzi wa warushaji wa mipira ya kuzunguka katika Afrika Mashariki limetoka Uganda. Novemba 2023, mjini Windhoek, Namibia, nchi hiyo iliifunga Zimbabwe kwa wiketi tano, kisha ikakata tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024. Tanzania ilishiriki mashindano hayo hayo na ikarejea mikono mitupu. Mwaka 2025, mjini Harare, Tanzania ilifika nusu fainali ya kufuzu fainali za 2026, ikafungwa na Namibia. Ushindi mmoja tu uliitenganisha na fainali hizo.

Sababu za timu moja kupita na nyingine kubaki ni nyingi: fedha, viwanja, idadi ya mechi. Hata hivyo, wanaofuatilia mchezo huu wanakubaliana kuwa Uganda ilikuwa na silaha moja ambayo wapinzani wake barani hawakuipatia dawa, nayo ni kundi la wazungushaji.

Mzungushaji ni mrushaji asiyetegemea kasi. Huuachia mpira polepole, akiupa mzunguko kwa vidole au kwa kifundo cha mkono, ili ukigonga ardhi ubadili mwelekeo. Wakazi wa Kagera wanaujua ufundi unaofanana na huo katika mtego wa senene. Mtegaji hamkimbizi mdudu. Huwasha taa, akasimamisha mabati, na senene hufuata mwanga wenyewe hadi wakateleza ndani ya pipa. Mzungushaji naye humwonyesha mpigaji mpira unaoonekana rahisi, akamwacha aufuate.

Wako wa aina tatu kuu. Wa kwanza huzungusha kwa vidole vya mkono wa kulia, na mpira wake humwingilia mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Wa pili huzungusha kwa vidole vya mkono wa kushoto, na mpira wake humkimbia mpigaji huyo huyo. Wa tatu huzungusha kwa kifundo cha mkono. Mpira wake huzunguka kuliko wa wengine, lakini ndio mgumu zaidi kuumiliki. Siku mkono ukikataa, huyo wa tatu huweza kutoa mikimbio mingi katika ova moja.

Hapo ndipo mzigo wa wateuzi unapoanza. Kwenye meza yao huwa na takwimu tatu: mikimbio ambayo mrushaji hutoa kwa kila ova, mikimbio anayotoa kwa kila wiketi, na idadi ya mipira anayohitaji ili kuangusha wiketi moja. Takwimu hizo haziimbi wimbo mmoja kila mara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mrushaji wa kwanza amemaliza ova nne kwa kutoa mikimbio 20 bila wiketi. Wa pili ametoa mikimbio 30 katika ova nne, lakini ameangusha wiketi tatu. Mtazamaji wa haraka atamsifu wa kwanza kwa ubahili wake. Lakini mrushaji wa pili amewaondoa wapigaji watatu waliokwisha kuuzoea uwanja, na kila anayeingia huhitaji mipira kadhaa kabla ya kuthubutu kupiga kwa nguvu. Kwa timu yenye mipira 120 tu ya kuchezea, hasara hiyo ni kubwa kuliko mikimbio kumi iliyozidi. Katika mechi za ova 50 hali huwa nzito zaidi, kwa kuwa timu yenye wiketi nyingi mkononi hushambulia bila woga katika ova kumi za mwisho.

Kenya ilitoa mfano wa wazi Februari 24, 2003, katika Uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Ikiwa imefunga mikimbio 210 tu dhidi ya Sri Lanka katika Kombe la Dunia, ilimkabidhi mpira Collins Obuya, mzungushaji wa kifundo cha mkono. Aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 24, wakiwamo Mahela Jayawardene, Kumar Sangakkara na Aravinda de Silva. Sri Lanka iliishia mikimbio 157, Kenya ikashinda kwa 53, na safari ile ikaifikisha nusu fainali. Kubana mikimbio peke yake kusingetosha siku hiyo, maana lengo lilikuwa dogo na wapigaji wale wangelifikia taratibu. Ilibidi waondolewe.

Lakini mashindano hayo hayo yalitoa fundisho la upande wa pili. Machi 15, 2003, mjini Durban, Aasif Karim, mzungushaji wa mkono wa kushoto mwenye umri wa miaka 39 aliyerejeshwa kutoka kustaafu, aliikabili Australia iliyokuwa bingwa wa dunia. Katika ova nane na mipira miwili alitoa mikimbio saba tu na kuangusha wiketi tatu, mojawapo ikiwa ya nahodha Ricky Ponting. Ova sita hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini Karim ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mechi.

Karim hakuzungusha mpira kama Obuya. Aliupeleka mahali pale pale kila mara, hadi mpigaji akachoka kusubiri na kukosea. Kwa hiyo, wiketi huja kwa njia mbili: mpira usiochezeka, au subira inayomkosesha mpigaji pumzi. Timu inayotegemea njia moja tu husomwa mapema na wapinzani.

Uganda ilizichanganya zote mbili. Alpesh Ramjani na Henry Ssenyondo ni wazungushaji wa mkono wa kushoto, Frank Nsubuga ni wa mkono wa kulia, na nahodha wa wakati huo, Brian Masaba, alizungusha kwa kifundo cha mkono. Mwaka 2023 Ramjani aliangusha wiketi 55 katika mechi 30 za kimataifa za ova 20, karibu wiketi mbili kila mechi, akaingizwa na Baraza la Kriketi la Kimataifa miongoni mwa wanne waliowania tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa aina hiyo ya mchezo.

Umuhimu wa mchanganyiko huo ni kwamba wapigaji hawafanani. Mpira unaomkimbia mpigaji ndio unaomsumbua zaidi, kwa kuwa hugusa ukingo wa gongo na kuruka mikononi mwa mlinda wiketi. Mzungushaji wa kushoto humtesa mpigaji wa kulia, wakati wa kulia humtesa wa kushoto. Mteuzi anayebeba wazungushaji watatu wa aina moja huwa amebeba mmoja mara tatu.

Juni 2024, mjini Providence, Guyana, Nsubuga aliyekuwa na miaka 43, mkubwa kuliko wachezaji wote wa fainali zile, alimaliza ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea kwa mikimbio minne na wiketi mbili. Hadi siku hiyo hakuna mrushaji aliyewahi kumaliza ova nne katika Kombe la Dunia la ova 20 kwa mikimbio michache kiasi hicho. Rekodi hiyo ilivunjwa siku chache baadaye na Lockie Ferguson wa New Zealand, ambaye hakutoa mkimbio hata mmoja. Uganda ilishinda kwa wiketi tatu, ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo.

Furaha haikudumu. Katika uwanja huo huo, mzungushaji Akeal Hosein wa West Indies aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 11, na Uganda ikaondolewa yote kwa mikimbio 39. Mkuki uliowafaa Waganda uliwageukia. Kikosi chenye wazungushaji wazuri kinapaswa kuwa pia na wapigaji wanaojifunza kwao kila siku mazoezini. Vinginevyo kinamiliki nusu ya elimu.

Lipo jambo jingine ambalo takwimu hazilionyeshi, nalo ni muda. Nsubuga alicheza Kombe la ICC mwaka 1997, akiwa na miaka 16, katika kikosi cha pamoja cha Afrika Mashariki na Kati kilichozijumuisha Uganda na Tanzania. Ilimchukua miaka 27 kufika Guyana. Obuya, kwa upande wake, alisajiliwa na klabu ya Warwickshire ya Uingereza mara baada ya mwaka 2003, akaumia goti, na makali ya urushaji wake yakapungua. Baadaye aligeuka kuwa mpigaji, na mwaka 2011 alifunga mikimbio 98 bila kuondolewa dhidi ya Australia. Mzungushaji huiva polepole na huharibika upesi. Anahitaji kulindwa na kuvumiliwa hata siku anapotoa mikimbio mingi.

Kwa Tanzania, hesabu hii si ya nadharia. Vijana wake wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2026, lililopangwa kuchezwa Zimbabwe na Namibia. Miongoni mwao na wenzao walioachwa nje ndimo watakamopatikana wazungushaji wa miaka kumi ijayo, iwapo wateuzi watawahesabia wiketi walizoangusha na aina ya mpira wanaorusha, badala ya kutazama mikimbio waliyotoa pekee.

Uzungushaji una faida moja kwa nchi isiyo na fedha nyingi: haudai kimo wala kifua kipana. Unadai vidole, mpira, na mtu wa kusahihisha makosa. Vidole hivyo vipo Izigo kama vilivyopo Kampala. Lakini kriketi ya Tanzania imejikita zaidi Dar es Salaam, na mkoani Kagera uwanja unaofahamika ni Kaitaba, ambao ni wa soka. Mteuzi humchagua aliyemwona akirusha, na bado hajafika Izigo.