Jiwe la Kijani na Elimu Zake



Mwanafunzi mmoja wa Likasi alitutajia alama za malakiti katika shimi bila kukosa hata moja. Tulipomwekea mawe matatu mezani, hakujua lipi ndilo malakiti. Naye amekulia juu ya shaba, na jiwe lile la kijani amelikanyaga tangu utoto! Kosa ni letu sisi walimu kuliko lake.

Basi tulianza upya, jiwe likiwa mkononi. Kwanza kulitazama: mistari yake, uzito wake, na namna kisu kinavyolikwaruza. Hiyo ni jeolojia, yaani elimu ya mawe. Kisha tulisaga kipande kidogo kilicholoweshwa maji, maana vumbi lake si la kuvuta puani, tukakitia katika siki ndani ya glasi isiyorudi tena jikoni. Povu jembamba likapanda: ni hewa ile ile tunayoitoa tukipumua. Siki ikageuka rangi, ikawa kibuluu. Siku ya pili tulichovya msumari safi. Ukatoka mwekundu, umevikwa shaba. Darasa zima lilinyamaza. Hapo ndipo alama za ubaoni zilipopata maana.

Wazee wa Katanga walijua njia nyingine. Waliweka malakiti na makala katika tanuru, wakavuta mivukuto, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa mali ya biashara mamia ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Tena makala hayakutoa moto tu: yaliondoa oksijeni katika jiwe, shaba ikabaki. Wazee hawakuwa na neno oksijeni, lakini kazi yake waliijua vema. Kule Shituru, kiwanda kilianza mwaka 1929 kwa njia iliyo karibu na ile ya glasi yetu: asidi kali mahali pa siki, na umeme mahali pa msumari. Umeme huo ulitoka katika maporomoko ya Lufira, huko Mwadingusha. Hapo tumekwisha ingia katika fizika.

Hata mimea inafundisha. Kuna ua dogo, Haumaniastrum katangense, linaloota penye shaba nyingi, mahali majani mengine yanapokufa. Wataalamu walilifuata, wakapata matanuru ya kale.

Mtakatifu Alberti Mkubwa, aliyeandika juu ya madini katika karne ya 13, alikwenda mwenyewe kuyatazama machimboni. Ndiye msimamizi wa wenye elimu hizi tangu 1941.

Lakini siyo kila jiwe ni la kushikwa. Karibu na Likasi iko Shinkolobwe, ambako urani ilivumbuliwa mwaka 1915, na urani ya huko iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mawe yake ya manjano yanapendeza macho, na mionzi yake haionekani wala hainuki. Kwa hiyo jiwe tusilolijua tunaliacha pale pale, tunaandika mahali na rangi yake, halafu tunamwita mwenye chombo cha kupimia mionzi.